Dishi la televisheni na mawimbi ya redio ya Jua

Swali: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari mkoani Iringa. Tuna dishi la sentimita 80 lililobaki baada ya king'amuzi kuharibika, na wanafunzi wa kidato cha tatu wanataka kulitumia kupokea mawimbi ya redio yatokayo kwenye Jua. Je, inawezekana? Tutaweza kuona ile milipuko ya Jua inayotajwa kwenye habari? Na kuna faida gani kulichunguza kwa redio Jua ambalo kila mtu analiona?

Jibu: Mwalimu, swali lako la kwanza jibu lake ni ndiyo, na la pili ni hapana, au karibu na hapana. Sababu ya majibu yote mawili imo katika swali la tatu, kwa hiyo naomba nianzie huko.

Mwanga wa Jua tunaouona hutoka kwenye fotosfia, tabaka lenye joto la takribani kelvini 5,800. Juu yake iko kromosfia, kisha korona, ambayo gesi yake ni nyembamba mno lakini ina joto linalopita kelvini milioni moja. Macho hayaioni korona isipokuwa Jua linapopatwa kabisa, kwa kuwa mwanga wa fotosfia huimeza. Katika redio mambo hugeuka. Gesi yenye elektroni huru hulizuia kila wimbi ambalo masafa yake yako chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho hupanda kadiri elektroni zinavyosongamana. Penye elektroni milioni 100 katika kila sentimita moja ya ujazo, wimbi lililo chini ya megahezi 90 hivi halipiti. Kwa hiyo wimbi la megahezi 90 linalotufikia limetoka ndani ya korona au juu zaidi, kamwe si chini yake, ilhali wimbi la gigahezi 12, ambalo ndilo dishi lenu linalipokea, huipenya korona na kutuletea habari za kromosfia. Anayechagua masafa huwa amechagua kimo cha Jua anachotaka kukichunguza, na hiyo ni faida ambayo darubini ya kawaida ya mwanga haina.

Tofauti hiyo ilijitokeza tangu mwanzo. Mnamo Februari 1942 rada za jeshi la Uingereza, zilizotumia mawimbi ya urefu wa mita 4 hadi 6, zilivurugwa na kelele nzito, na ikashukiwa kwamba ni hila ya Wajerumani. Mwanafizikia wa Uingereza James Stanley Hey alipochunguza taarifa za vituo aligundua kwamba mwelekeo wa kelele ulilifuata Jua, ambalo siku hizo lilikuwa na kundi kubwa la madoa. Kwa sababu ya siri za vita, taarifa yake haikuchapishwa hadi 1946. Mwaka huohuo wa 1942 G. C. Southworth, mtafiti wa redio nchini Marekani, alipokea mawimbi ya sentimita chache kutoka kwenye Jua, nayo yalikuwa tulivu. Dishi lenu liko upande wa Southworth, kwani nalo hupokea mawimbi ya sentimita chache.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mbali na dishi na LNB yake, yaani kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, mnahitaji kile kipimo kidogo chenye mshale ambacho mafundi hutumia kutafutia setilaiti, pamoja na umeme wa volti 13 hadi 18 wa kuiendesha LNB; king'amuzi chochote kizima, hata kisicholipiwa, kitautoa. Elekezeni dishi kwenye anga tupu na mpunguze kipimo hadi mshale ukaribie sifuri, kisha lielekezeni kwenye ukuta wa darasa. Mshale utapanda, kwa sababu ukuta wenye joto la kelvini 300 hivi nao hutoa mawimbi ya redio. Wanafunzi wasilipite hili haraka, maana hapo ndipo wanapoona kwamba wanapima joto na wala si matangazo.

Kulipata Jua kuna kikwazo kimoja. Madishi mengi ya nyumbani yana LNB iliyowekwa upande wa chini, kwa hiyo hutazama nyuzi 20 na ushee juu zaidi ya pale uso wa dishi unapoonekana kuelekea, na mtu akilielekeza kwa kukisia atalikosa Jua. Bandikeni vipande vitatu au vinne vya karatasi ya alumini inayong'aa, kila kimoja kikubwa kama ukucha, sehemu mbalimbali za dishi, kisha lisogezeni hadi vimulimuli vyote vikutane usoni pa LNB. Msilifunike dishi lote kwa karatasi hiyo, wala msilisugue likang'aa: mwanga utakusanyika na kuiyeyusha LNB. Na ni marufuku mtu kulitazama Jua lenyewe anapolenga.

Dishi la sentimita 80 kwa wimbi la sentimita 2.5 huona eneo la anga lenye upana wa nyuzi 2.2 hivi, na Jua lina upana wa nusu nyuzi, yaani linajaza takribani sehemu moja tu ya kumi na saba ya eneo hilo. Hata hivyo, kwa kuwa kwa masafa haya Jua lina joto la zaidi ya kelvini 10,000, kipimo kitapokea kama kelvini mia kadhaa. Lifungeni dishi mahali ambapo Jua litapita, msiliguse tena, na mwandike kipimo kila baada ya sekunde 20. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mtapata mchoro unaopanda na kushuka kwa muda wa dakika 9 hivi kati ya nusu ya kimo na nusu ya kimo, na kutokana nao wanafunzi watakokotoa wenyewe upana wa eneo ambalo dishi linaona. Afadhali mfanye hivyo Juni au Desemba. Karibu na ikwinoksi, yaani siku ambayo usiku na mchana hulingana, Jua hupita nyuma ya setilaiti za televisheni, na mtachanganya vitu viwili. Ndiyo sababu kwa Iringa picha huganda kwa dakika chache mchana, siku tatu au nne baada ya ikwinoksi ya Machi na kabla ya ile ya Septemba.

Kuhusu milipuko, ni ile mikubwa tu inayoongeza kwa kiasi cha kuonekana nguvu za gigahezi 12, na mnaweza kungoja miezi mingi bila kuiona. Milipuko hujionyesha zaidi kwenye masafa ya chini: makundi ya elektroni yanayorushwa kupitia korona kwa karibu theluthi moja ya kasi ya mwanga hutoa mlio unaoshuka kutoka mamia ya megahezi hadi makumi kwa sekunde chache tu, kwa sababu kila yanapopanda yanakuta gesi nyembamba zaidi. Wimbi la mshtuko hufanya vivyo hivyo, ila kwa dakika kadhaa. Kasi ya kushuka kwa mlio ndiyo inayotupa kasi ya kilichorushwa.

Kwa masafa hayo dishi halifai. Hutumika antena yenye vijiti vingi kama ile ya zamani ya televisheni. Ningewashauri msianze na hilo mjini, kwani redio za FM, kati ya megahezi 88 na 108, zitafunika kila kitu. Mtandao wa e-CALLISTO, uliobuniwa na Christian Monstein alipokuwa ETH Zürich, chuo kikuu cha Uswisi, una vipokezi vya redio vinavyofuatilia Jua katika nchi nyingi, kikiwemo cha Rwanda, na kumbukumbu zake hupatikana bure mtandaoni katika mafaili ya dakika 15. Pakueni mafaili ya siku yenye mlipuko, mwakokotoe kasi ya mshuko huo. Saa zilizomo ni za UT, yaani saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa sita mchana ya Iringa mtaitafuta kwenye faili la 09:00.