Uchovu wiki za mwisho za mionzi
Pole dada. Unauliza kama kuchoka sana wiki hii ya mwisho ya matibabu ya mionzi ya titi ni dalili kwamba saratani imerudi. Hapana, kuchoka hivyo peke yake si dalili hiyo. Uchovu wa mionzi hujilimbikiza, kwa hiyo huwa mkali zaidi mwishoni na unaweza kuendelea wiki kadhaa, hata miezi, baada ya kumaliza. Nilimuuguza mama mdogo: kulala mchana kutwa kulimzidishia, ila kutembea taratibu asubuhi mpaka gengeni na kurudi kulimsaidia, na wauguzi nao walisisitiza hilo hilo. Viazi alimenya ameketi, nguo tulimfulia. Lakini ukiishiwa pumzi, moyo ukienda mbio au ukipata homa, usingoje kliniki ijayo. Nenda wakupime damu, maana upungufu wa damu unatibika.