Walishe watoto kabla giza halijaingia

Kwa miaka kadhaa, hapa kwetu Migosi, mjini Kisumu, tulikula chakula cha jioni saa mbili na nusu usiku, kama nilivyolelewa. Ugali unasongwa giza likishaingia na redio inasoma habari. Sikuwahi kujiuliza kama saa hiyo inawafaa watoto wadogo. Sasa ninao watatu: kifungua mimba ana miaka sita na yuko gredi ya kwanza, kaka yake ana minne na ameanza PP1, darasa la kwanza la awali, na mdogo wao ana mwaka mmoja na miezi miwili. Mke wangu ni muuguzi, na zamu zake nyingi huisha saa moja usiku. Kwa hivyo jioni ni yangu.

Kilichonigutusha ni usiku mmoja wa mwezi wa nne. Mvua ya kutoka ziwani ilikuwa imepiga tangu saa kumi, stima zikapotea, gesi ikaisha, na makaa niliyokuwa nayo yalikuwa na unyevu. Nilipoandaa ugali ilikuwa inakaribia saa tatu. Mvulana wangu alikuwa kwenye kigoda, kichwa kinamyumba. Alitafuna mara mbili akanyamaza, nami nikadhani amemeza. Nilipommulika kwa tochi ya simu niliona shavu moja limetuna. Alikuwa amelala na tonge la ugali mdomoni. Nilimwinamisha, nikalitoa kwa kidole polepole, tonge zima, bado lina mchuzi. Hakuamka. Nilimlaza nikakaa kando yake muda mrefu nikisikiliza anavyopumua, maana tonge lile lingeteleza nyuma kidogo tu, lingemkaba.

Saa tisa usiku akaamka akilia njaa. Akaamka dada yake, akaamka na mdogo. Asubuhi gari la shule lilipiga honi sisi bado tunatafuta kiatu kimoja chini ya kochi, na likaondoka.

Siku hiyo nilipiga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wangu walikuwa wanalala saa tatu na nusu usiku, nawaamsha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni saa 8. Ule ukaidi wa asubuhi niliokuwa nikiugombeza kila siku, soksi zinakataliwa, uji unasukumwa, ulikuwa ni usingizi niliowanyima mimi mwenyewe.

Tukahamisha chakula cha watoto hadi saa kumi na mbili jioni. Ushauri wangu kwako mwenye watoto wadogo ni huo tu: chakula kitangulie. Kabla ya kuoga, kabla ya kazi ya shule, kabla ya runinga. Mtoto aliyekula saa sita shuleni, akifika saa kumi na moja jioni tumbo limeshakauka. Ukimpeleka bafuni hivyo atapiga kelele, ukimpa kalamu ataivunja. Mlishe, ndipo utajua kama kweli alikuwa na shida nyingine.

Najua utaniuliza: nitapika saa ngapi na natoka kazini saa kumi na moja? Mimi nauza katika duka la vifaa vya ujenzi, nafika nyumbani kwa bodaboda kama saa kumi na moja na robo. Kazi ya jioni naifanya Jumapili. Naenda soko la Kibuye asubuhi, nanunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa gorogoro, mkebe wa kupimia, tukirudi tunaimwaga kwenye sinia. Binti yangu huketi na kuchambua: changarawe huku, majani huku, omena huku. Hufanya hivyo bila haraka, ulimi ukiwa umejitokeza pembeni mwa midomo, na kila akipata kijiwe hukiinua kunionyesha kama aliyeokota shilingi. Kisha naosha kwa maji moto mara mbili, nakausha juani, nakaanga kavu mpaka zivunjike ukizibana, nazihifadhi kwenye mkebe wenye kifuniko. Jumatatu jioni natia kitunguu na nyanya, dakika kumi zimetosha. Maharagwe hulowekwa Jumamosi usiku na kuchemshwa Jumapili. Kama huna friji usichemshe mengi, joto la Kisumu litayachachusha kabla ya kesho yake jioni. Mboga ndiyo rahisi zaidi: mama mboga wa pale kona nampigia simu nikiwa njiani, nikifika nakuta sukuma imeshakatwa. Siku ya managu au kunde, tunachambua usiku wa kuamkia. Dada anayetusaidia huniachia maji ya ugali yameinjikwa.

Jambo la pili, fungua mikoba mlangoni, mtoto kabla hajavua viatu. Watoto hukumbuka mambo ya mwalimu wakishafunikwa shuka. "Baba, kesho tupeleke vifuniko vya chupa kumi." Saa tatu usiku utavitoa wapi? Ukiuliza saa kumi na moja na nusu, kibanda cha soda bado kiko wazi. Sisi sasa tuna ndoo ndogo ya vifuniko, vijiti na maboksi matupu, na imetuokoa mara nyingi.

Na saa ya kulala isiwe ugomvi wako na mtoto, jua likusaidie. Ikweta inapita Maseno, karibu sana na sisi, kwa hivyo jua letu huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti ni kama nusu saa tu. Wangu wanajua kwamba jua likipotea nyuma ya paa la jirani, sahani ziko kwenye karai. Giza likiingia, wameoga. Saa moja na nusu wako chini ya neti. Sijaitumia saa ya ukutani kuwaambia chochote.

Hiyo neti naitaja kwa uzito. Eneo hili la ziwa ndilo lenye malaria nyingi kuliko pengine popote Kenya, na mbu anayeieneza hung'ata usiku. Mtoto anayesinzia kochini hadi saa tatu akisubiri ugali analiwa na mbu muda wote huo. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya mwaka 2019, ikaanzia huku kwetu magharibi, nami nakusihi umkamilishie mwanao sindano zote nne. Lakini haichukui nafasi ya neti. Na ukishamlisha, ukamwogesha, na bado analia kwa namna usiyoizoea, mguse shingo na tumbo. Akiwa na homa usimpe dawa ya maumivu tu ukasubiri kesho kutwa. Mpeleke apimwe, ni kutobolewa kidole tu, ili kama ni malaria aanze dawa ndani ya saa 24.

Mama yangu alipokuja kututembelea hakufurahi. "Watoto wanakula jua likiwa juu, peke yao, kama wageni?" Nilimwelewa. Kwake chakula cha jioni ni mahali watu wa nyumba moja wanapoonana. Kwa hivyo nakula nao, sahani yangu iko pale pale chini kwenye mkeka, na simu iko chumbani. Siku ya tatu nikamkuta mama naye amekuja mkekani, anamtolea mdogo miiba ya samaki wa ngege, anaisaga minofu kwa vidole kabla ya kumlisha.

Ambalo sijalitatua ni la mke wangu. Anafika saa moja na dakika arobaini, saa nyingine saa mbili, na watoto wamelala. Wiki za kwanza alilia, na sikumwambia asilie. Tuliamua asubuhi ziwe zake: yeye ndiye huwaamsha, hupika uji wa wimbi, humsuka binti, nami nakaa mbali hata nikisikia wanachelewa. Kwa kuwa wamelala saa 10, wanaamka na maneno mengi, na anapata habari zote za shule ambazo mimi jioni sikuambiwa. Siku zake za mapumziko tunawaacha wakae naye, hata ikifika saa mbili. Ukiwa na mwenzako wa zamu, zungumzeni hilo kwanza kabla hujabadilisha saa.

Jana alichelewa, mvua ilikuwa kubwa Kondele na bodaboda zilikuwa zimejibanza. Aliingia chumbani na koti bado linadondosha maji, akachomeka neti upande ambao mvulana alikuwa ameipiga teke, akasimama hapo kidogo.

"Walikula nini?"

"Omena. Na akaongeza."

Akaenda jikoni, akafungua hotpoti yake.