Maswali na Majibu: Kadi Moja kwa Rangi Kumi na Nne Bado ni Kadi Moja

Barua za wakusanyaji wa kadi za michezo zimejaa tena, na kama kawaida nusu yake zinauliza jambo lile lile. Nimechagua zilizonifurahisha na zilizonikera. Za katikati zitasubiri zamu yake.

Nina kadi za besiboli, ndondi, tenisi, soka, na hata moja ya mpiga makasia. Wenzangu wananicheka, eti mkusanyaji wa kweli huchagua mchezo mmoja akabaki nao. Je, niuze zilizobaki?

Usiuze hata moja, hasa hiyo ya mpiga makasia. Wenzako hawajui kwamba kadi za michezo zilizaliwa zikiwa mchanganyiko. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya sigara ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa seti ya mabingwa wa dunia yenye kadi 50. Wachezaji wa besiboli humo ni 10 tu. Waliobaki ni mabondia, wanamieleka, wapiga makasia, wacheza biliadi na walenga shabaha, akiwemo Annie Oakley, mwanamke aliyewatoa jasho wanaume wengi kwa bunduki. Kazi ya kadi wakati huo ilikuwa kuipa pakiti ugumu ili sigara zisipondeke. Hakuna aliyeuliza kama mpiga makasia anastahili kukaa pakiti moja na mcheza besiboli.

Mwaka 1933 kampuni ya chingamu ya Goudey ikatoa Sport Kings: kadi 48, michezo 18. Babe Ruth wa besiboli yumo, na bondia Jack Dempsey, na waogeleaji Johnny Weissmuller na Duke Kahanamoku, na mwanariadha Babe Didrikson. Leo hao hao wanaokucheka wangeipokea seti hiyo kwa mikono miwili.

Halafu kuna Jefferson Burdick wa Syracuse, New York. Mtu huyu alikuwa mfanyakazi wa kawaida kiwandani, viungo vimekakamaa kwa maradhi, lakini alikusanya zaidi ya vipande 300,000 vya karatasi zilizochapishwa: kadi za sigara, kadi za posta, matangazo ya biashara, picha za ndege na za waigizaji. Za besiboli zilikuwa karibu sehemu moja kwa kumi tu. Zote alizipeleka kwenye makumbusho ya Metropolitan jijini New York, akazibandika kwenye albamu kwa mikono yake hadi Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki. Ukimsikia mtu anatamka "T206", ile seti mashuhuri ya kadi za besiboli za sigara, kwa mdomo uliojaa ujuzi, mwambie msimbo huo ulitoka kwenye katalogi ya mtu aliyekusanya kila kitu.

Sharti langu ni moja. Fungua ukurasa wowote wa albamu yako, weka kidole kwenye kadi yoyote, kisha niambie kwa nini ipo hapo. "Ni mpiga makasia wa kwanza niliyemwona kwenye kadi" ni sababu tosha. "Niliikuta kwenye pakiti" si sababu. Hiyo ipeleke kwa wa kubadilishana naye.

Nina kadi ya zamani, nimeambatisha picha. Ina thamani gani?

Mara ya ngapi hii? Tafuta bei ambazo kadi kama hiyo imeuzwa kweli, si bei ambazo watu wanaomba. Kuomba hata mimi naweza. Na kama ni ya kati ya 1987 na 1993, usiache kazi kwa ajili yake, kwa sababu miaka hiyo mitambo ilichapa bila kupumua.

Namkusanya mchezaji mmoja tu. Kadi yake ya msimu wa kwanza ninayo katika rangi 14: fedha, buluu, kijani, dhahabu, nyekundu na kadhalika. Unapenda kusifia mchanganyiko; si huu hapa?

Mdogo wangu, huo si mchanganyiko. Ni kadi moja iliyovaa mashati 14.

Zitandaze mezani uzitazame. Picha ni ile ile, mguu umeinuliwa vile vile, hata jasho limesimama pale pale. Nyuma maandishi ni yale yale. Kilichobadilika ni rangi tu. Mchezo huu ulikolea tangu mwaka 1993, kampuni ya kadi ya Topps ilipotoa seti ya Finest yenye kadi zinazomeremeta rangi za upinde wa mvua ukizigeuzia taa. Wakati ule kupata moja lilikuwa tukio. Sasa kampuni hazina haja ya kumtuma mpiga picha uwanjani mara ya pili. Zinabadilisha rangi, zinagonga namba, na wewe unalipa upya.

Hizo namba nazo zipigie hesabu kabla hujasisimka. Kadi imeandikwa 7/25, unajiona mmoja wa watu 25. Lakini kama picha hiyo imetolewa kwa rangi sita, kila rangi nakala 25, mpo 150. Na hapo sijagusa zile zisizo na namba.

Sisemi uache kumfuata mchezaji wako. Kumfuata mtu mmoja kunaweza kuwa na utajiri mkubwa kuliko kukusanya michezo kumi, ukikusanya maisha yake badala ya mashati. Mtafute alipokuwa kijana ligi ndogo, alipohamia timu nyingine, alipovaa jezi ya taifa, alipoumia akakaa benchi, alipozeeka akawa kocha. Tafuta kadi aliyotokea nyuma ya mwenzake bila kutajwa. Hizo zipo, na kuzigundua ni raha isiyouzwa kwenye pakiti. Baki na rangi mbili uzipendazo. Zile 12 zibadilishe kwa kadi 12 zisizofanana: mlinda mlango, mwanamke, mtu aliyestaafu kabla hujazaliwa, mchezo usioujua kanuni zake. Mwaka mmoja ukipita utaniandikia tena, na sidhani utataja rangi.

Je, stika za Panini ni kadi? Rafiki yangu anasema hazihesabiki.

Zinahesabika. Kampuni ya ndugu wa Panini ilianza Modena, Italia, mwaka 1961, na albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Watu wengi duniani walijifunza kubadilishana kwa stika, si kwa kadi. Na zibandike! Stika inayozeeka na karatasi yake mgongoni ni kama mpira usiopigwa. Ukipata mbili zinazofanana, moja ibandike na nyingine ibaki ya kubadilishana.

Kadi zangu zina ukubwa tofauti na hazikai sawa kwenye albamu. Nifanyeje?

Hapo ndipo mpenda mchanganyiko anapolipia raha yake. Kadi ya kawaida ya leo ni milimita 63.5 kwa 88.9, kipimo ambacho Topps wamekifuata tangu mwaka 1957. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Kadi za Topps za 1952 ni kubwa zaidi, takriban 67 kwa 95, na ukizilazimisha kwenye mfuko wa leo utavunja pembe. Za sigara kama T206 ni ndogo, karibu 37 kwa 67. Ukiziweka kwenye mfuko wa kawaida zinaogelea, zinagonga kingo, na siku ukiinamisha albamu zinatoka kama mbegu.

Basi nunua kurasa za mifuko ya vipimo mbalimbali, uzichanganye ndani ya faili moja. Kadi ndogo nayo ivalishe kwanza kifuko laini cha kipimo chake. Chagua plastiki ya polipropilini au ya Mylar. Kurasa za PVC, zile laini zenye harufu kali ya plastiki mpya, ziepuke, kwa sababu vilainishi vyake hutoka taratibu vikaishika kadi na kuiharibu uso. Faili liwe na pete zenye upande ulionyooka, maana pete za duara hukandamiza kadi za ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Lisimamishe, usililaze chini ya mengine. Lisikae kwenye jua wala kwenye unyevu. Kadi zinazong'aa hupinda hewa ya chumba ikibadilikabadilika, na saini ya kalamu iliyoachwa kwenye mwanga hufifia mpaka ukabaki na hadithi tu.

Mipira ya kufungia noti? Iondoe leo hii.

Naweza kunyoosha mkunjo kwa pasi?

Usithubutu.

Nipeleke kadi zangu zote zikapewe daraja na kufungiwa kwenye makasha?

Zote za nini? Daraja lina kazi mbili: kumhakikishia mnunuzi usiyemjua, na kukusaidia kuthibitisha kwamba kadi ya zamani ni halali. Kama huuzi wala huna shaka, unalipia jeneza. Kadi iliyofungiwa haikai kwenye albamu pembeni ya wenzake, na mgongo wake hutausoma kwa raha. Migongo hiyo, hasa ya miaka ya 1950 yenye vikatuni na porojo za mchezaji alivyokuwa akiuza bima wakati wa mapumziko ya msimu, ni nusu ya utamu.

Wala daraja si maandiko matakatifu. Kadi ya kwanza kabisa kupewa daraja na PSA, kampuni inayopima hali ya kadi, mwaka 1991, ilikuwa T206 ya mcheza besiboli Honus Wagner, ikapata 8 kati ya 10. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, katika kesi yake ya udanganyifu, alikiri kwamba alikuwa ameikata kingo ili ionekane safi. Kadi mashuhuri kuliko zote, ndani ya kasha, na bado mkasi ulipita. Jifunze kupima kadi kwa rula na macho yako.

Nimepata kadi yenye kipande cha jezi. Ni ya mechi gani?

Geuza usome maandishi madogo nyuma. Mara nyingi utakuta kampuni imeandika kwamba kitambaa hakihusiani na mechi wala msimu wowote. Maana yake umemiliki kitambaa. Kama kinapendeza, kiweke.

Nimebakiza kadi moja tu kumaliza seti, na usingizi sina. Nitaipataje?

Kwanza hakikisha ipo. Seti ya besiboli ya Goudey ya 1933 ilikuwa na pengo kwenye namba 106. Watoto walitafuna chingamu mpaka taya zikauma wakiitafuta kadi ambayo haikuwa imechapwa. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1934 kampuni ikachapa ya Nap Lajoie, mtu aliyekuwa amestaafu siku nyingi, ikawapelekea kwa posta walioandika barua. Kwa hiyo usiniambie ujanja wa kampuni ni wa zama hizi.

Ikiwa yako ipo, inunue peke yake kutoka kwa aliye nayo. Kuendelea kufungua pakiti kwa ajili ya kadi moja ni kucheza bahati nasibu. Au acha pengo. Mimi nina albamu yenye mfuko mtupu kwa miaka mingi, na wageni huuliza habari za mfuko huo kabla ya kadi yoyote.

Mwanangu ana miaka saba na anataka kuchezea kadi zangu. Nimfungie kabati?

Dada yangu, zile za thamani ziweke juu asikofika. Zilizobaki, hizo za miaka ya uchapaji wa fujo, mpe sanduku zima. Atazipanga kwa rangi ya jezi, au kwa wenye masharubu, au kwa waliokasirika. Usimsahihishe. Keti naye umuulize kwa nini huyu amewekwa na yule, na uwe tayari kubadilishana kwa masharti yake. Akikuomba Wagner, mwambie huna.