Usilipie hiyo Fuso ya mikaratusi mibichi

Mkuu, usitume hata senti. Umeandika mwenyewe kwamba unataka kununua Fuso nzima ya kuni za mikaratusi za kuotea baridi hii, na kwamba miti imekatwa wiki hii, na tupo Mei. Baridi ya Njombe inaanza Juni. Hizo kuni hazitakupasha joto mwaka huu, hata muuzaji aape.

Mimi niliuziwa hivyo hivyo. Niliambiwa, "Mkaratusi una mafuta, unawaka hata mbichi." Nikalipa. Julai, zile asubuhi majani yanaamka meupe kwa sakitu, mekoni kwangu ni moshi mtupu, maji yanachuruzika kwenye ncha za magogo, watoto wanakohoa, chumba baridi vile vile. Ikabidi ninunue mabanzi makavu juu ya hela niliyokwisha kutoa. Na hasara kubwa ilikuwa ndani ya bomba la moshi. Moshi wa kuni mbichi ukipoa huko juu huganda ukawa kama lami, na lami hiyo ikishika moto, moto unapanda hadi kwenye paa. Fundi alilikwangua bomba langu akashindwa, nikanunua jipya. Muuzaji nilipompigia alinishauri nizimwagie kuni mafuta ya taa! Mtu anayeishi kwa kukata miti hawezi kusema hakujua. Alitaka gari liondoke tupu, basi.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Unalipia maji, halafu moto unapoteza sehemu ya nguvu zake kuyachemsha badala ya kukupasha joto. Kuni za kuwasha ndani zinatakiwa ziwe na maji chini ya asilimia 20.

Kwa hiyo shika hili moja: kuni za baridi ya mwaka huu zinachanjwa kiangazi cha mwaka jana. Mvua zikikatika, kata, na uchanje hapo hapo zikiwa mbichi, maana gogo la mkaratusi likikauka zima shoka linadunda. Magome hayapitishi maji kirahisi, ndiyo maana gogo zima linakaa na unyevu muda mrefu. Panga juu ya matofali, upepo upite chini. Weka bati juu tu, ubavuni acha wazi. Ukizungushia turubai hadi chini zitaota ukungu. Mvua za Novemba zizikute tayari zimekauka.

Ukipata miwati, chukua hiyo kabla ya mkaratusi. Ni mizito na makaa yake yanakaa. Msindano unawaka haraka na kuisha haraka.

Za mwaka huu tafuta kwa mtu aliyepanga tangu mwaka jana. Gonganisha vipande viwili: vikavu vinalia ko, vibichi vinatoa mlio mzito uliofifia. Kisha chanja kimoja mbele yake, ule upande wa ndani uguse shavuni. Ukihisi ubaridi wa maji, ziache. Akikukatalia kuchanja, usibishane naye, ondoka.