Mkuu, usirushe sehemu ya kwanza kama mwisho huujui

Futa hilo tangazo. Unasema riwaya yako ya kipelelezi ina sehemu moja iliyokamilika, Ijumaa unaanza kuirusha kwenye grupu la WhatsApp, na zilizobaki utaziandika kadiri wasomaji watakavyochangamka. Halafu unauliza uandike alfajiri au usiku, simu au laptop, na bei iwe ngapi. Bei! Wewe hata muuaji humjui.

Mimi kuna jamaa aliyejiita kocha wa waandishi, tena semina yake nililipia, akatuambia wasomaji ndio mafuta, wewe washa gari tu. Gari likaenda vizuri mpaka nikamuua mhusika wangu, Mzee Kombo, kwa ajali ya boti, maana usiku ule sehemu ya kurusha sikuwa nayo. Watu wakalia, inbox ikajaa, nikajiona mtunzi haswa. Mbele ya safari nikagundua hati ya nyumba, ambayo hadithi nzima inaizunguka, aliyejua ilikofichwa ni Mzee Kombo peke yake. Na nimeshamzika. Hadi hitma nimeshasomesha!

Muswada ungekuwa bado uko kwangu ningerudi nyuma, nifute boti, nimpe mzee homa, amnong'oneze binti yake kabla ya kukata roho, kwisha. Lakini watu walishasoma. Ikabidi nimlete pacha wake kutoka Pemba. Dada mmoja akaandika mbele ya grupu zima: "Mwandishi, sehemu ya tatu ulisema mzee ni mtoto pekee wa mama yake." Na picha ya skrini akaweka. Toka hapo nikawa siandiki hadithi, naandika utetezi. Waliolipia mpaka mwisho wakadai pesa zao, nikarudisha, na makato ya kutuma nikabeba mwenyewe. Kocha nilipomtafuta akasema sina nidhamu. Siku hizi anafundisha kufuga sungura. Nawaonea huruma sungura.

Na usiniambie wakubwa nao walitoa kwa vipande. Anthony Trollope, yule Mwingereza mwajiriwa wa posta, alitoa nyingi hivyo, ila kanuni yake ilikuwa hakitoki kipande mpaka hadithi yote imekamilika, ili mwanzo aweze kuulinganisha na mwisho. Mwaka 1860 jarida jipya la London lilimfanya aivunje, na kwenye tawasifu yake amelieleza hilo mwenyewe. Huyohuyo alikuwa mezani saa 11:30 alfajiri, saa ya mfukoni mbele yake, maneno 250 kila robo saa, kisha ndio kazini. Haya, la alfajiri nimekujibu.

Andika hadi neno MWISHO. Rasimu iwe mbovu, wahusika wabadilike majina njiani, nani anaiona? Ukishamjua muuaji, rudi ukapande ushahidi wake kule mwanzo. Baada ya hapo rusha hata kutwa mara tatu.

Ijumaa waambie simu imeingia maji. Mimi hiyo nimeshaitumia ikachuja, ila wewe bado wanakuamini.