Fosforasi Ambayo Haikuwepo

Juzi nimemkuta dogo kavaa glavu za poda, anapima zinki kwenye kathodi, yale mabamba ya shaba iliyosafishwa, halafu ananiuliza zinki yote hii imetoka wapi. Imetoka mikononi mwako, kwenye hizo glavu, mdogo wangu! Haya, sogeeni.

1. Glavu zisizo na poda. Basi.

2. Vipande mlivyotoboa kwa drili vioshwe kwa asidi ya nitriki iliyozimuliwa kabla ya mizani. Chuma mnachoripoti mara nyingi ni cha drili.

3. Blanki, ile chupa ya kulinganishia isiyo na sampuli: ya asidi tupu si blanki ya shaba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Mwaka wangu wa kwanza, kiwanda kimoja huko Kolwezi, nilikabidhiwa ICP-OES, mashine inayotambua elementi kwa mwanga zinaoutoa zikiunguzwa, nipime fosforasi. Nikayeyusha gramu 1 ya shaba kwenye mililita 100, standadi (chupa za kiwango kinachojulikana) nikatengeneza kwa asidi peke yake, laini, yaani urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita, nikachukua 213.618 kwa vile ndiyo iliyotangulia kwenye programu. Kathodi ya kwanza ppm 38, sehemu 38 kwa milioni. Ya pili 38. Ya tatu 39. Grade A, daraja la juu la kathodi, mnaijua: uchafu wote usizidi ppm 65, na fosforasi na wenzake watano wanabanana ndani ya 15. Mzigo ukazuiwa. Malori getini, madereva wanachemsha chai chini ya matela, mimi natembea kifua mbele: namba zinafanana hivyo! Hata spaiki, fosforasi ya kiasi kinachojulikana niliyoongeza makusudi, ilirudi asilimia 99.

Papa, yaani mzee wetu mkuu wa maabara, akafungua spektra, mchoro wa mwanga uliopimwa, akagusa kilele kwa kidole. "Mwanangu, hii ni fosforasi au ni shaba?"

Shaba ina laini yake 213.598. Namba zilifanana kwa sababu kila chupa ilikuwa na shaba ileile gramu 1. Na spaiki haikamati kosa la aina hiyo. Uongo upo kabla ya spaiki na upo baada, ukitoa moja kwa nyingine hauonekani. Nikarudia kwa laini ya 177.434, optiki imepulizwa gesi ya agoni kuondoa hewa, standadi zimetiwa shaba safi. Fosforasi haikuonekana. Malori yakaondoka, nami nikaitwa Bwana Fosforasi mpaka mkataba ulipoisha.

4. Tazameni spektra kabla ya jedwali. Kilele chenye bega, uvimbe pembeni, kina mgeni.

5. Dogo wa zinki, boksi jipya la glavu liko droo ya chini. Rudia zote. Nitapita saa nane.