Maji ya Saa Isiyo Yake

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Tahadhari ya tsunami ikitolewa leo mchana, watu wa pwani unakoishi watafanya nini?" Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Pangani, mkoani Tanga. Jibu langu fupi ni kwamba wenye simu mkononi wataondoka, na walioko majini hawatajua lolote. Naomba nafasi nieleze habari za hao wa pili, maana mama yangu ni mmoja wao.

Kwetu bahari ikikupwa ndiyo saa ya kazi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanatoka mbali, mwamba unabaki wazi, na kina mama wanashuka na makapu yao. Huyu anachokoa pweza, yule anaokota chaza, wengine wawili wanatanda uduvi kwa kanga kuukuu. Mama hana saa ya mkononi wala haihitaji. Siku za bamvua anajua maji yatakuwa yamekauka kwenye saa nne asubuhi na yatajaa kwenye saa kumi jioni, kila siku yakichelewa kidogo, hadi yafike maji mafu, ambapo bahari haitoki sana wala haiingii sana. Watoto wa pwani hujifunza hesabu hiyo kabla ya ile ya ubaoni.

Mtu aliyelelewa hivyo akiona bahari imekauka ghafla mbele yake hatakimbia. Atatafuta kapu. Nasema hivi kwa sababu nilifanya hivyo mimi mwenyewe.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, mwezi mpevu, bamvua kubwa. Nilikuwa na miaka 14. Asubuhi maji yalikupwa kama kawaida, kina mama wakaenda na wakarudi. Mchana, kwenye saa saba hivi, bahari ilipaswa kuwa inajaa, lakini ikageuka ikaanza kutoka tena, upesi, hata ngalawa zilizokuwa zinaelea zikalala ubavu na visamaki vikabaki vinarukaruka mchangani. Watoto tulishangilia. Nilichukua ndoo ya kaka yangu nikawatangulia wenzangu wote.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa nahodha zamani, alikuwa ameketi chini ya mti wa mkungu akishona jarife, wavu wake wa kuvulia. Alisimama akapaza sauti: "Rudini! Maji haya si ya saa hii!" Neno tsunami hakulijua, na wengi wetu tulilisikia mara ya kwanza jioni ile redioni. Alichojua ni saa ya maji tu. Tulirudi kwa kumwogopa yeye, maana alikuwa mkali. Hata hatujafika kwenye minazi, maji yakawa nyuma yetu. Hayakuja kama ukuta unaochorwa vitabuni. Yaliinuka kama mto uliopata mvua ya bara, yakafika tumboni mwa wadogo zetu, yakachukua ngalawa mbili, yakatoka, yakarudi tena. Hadi magharibi yalikuwa yanaingia na kutoka bila mpango. Kwetu hakufa mtu. Nimekuwa mama sasa, na kila nikikumbuka ile ndoo naona watoto wangu ndio walioishika.

Maji yale yalisukumwa na tetemeko la ardhi chini ya bahari. Tetemeko lenyewe, la ukubwa wa 9.1, lilipiga karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, saa kumi kasoro kidogo alfajiri kwa saa za kwetu, umbali wa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa. Mawimbi ya namna ile hukimbia kilindini kwa mwendo wa ndege ya abiria, kilomita 700 au zaidi kwa saa, na yalitumia muda wa kama saa tisa kutufikia. Muda wote huo Aceh, kaskazini mwa Sumatra, ilikuwa imeshaangamia, Sri Lanka inalia, na runinga za dunia zinaonyesha. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wowote wa kupeana tahadhari. Mombasa watu waliondolewa ufukweni baada ya habari kuenea, na Kenya nzima alifariki mtu mmoja. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua 10, wengi wao waliokuwa wakiogelea fukwe za Dar es Salaam. Somalia, hasa upande wa rasi ya Hafun, walikufa karibu 300. Ukijumlisha nchi zote, ni kama watu 230,000. Wa kwetu ni wachache katika hesabu hiyo, lakini ni miongoni mwa walioachiwa muda mrefu zaidi, na muda ule ulipita bure.

Ndiyo maana ushauri tunaousikia mara nyingi, kwamba ukihisi ardhi inatikisika kimbilia mlimani, hautufai sana sisi. Unawafaa wa Indonesia na Japani, ambao tetemeko linatokea mlangoni kwao. Wimbi litakalotoka Sumatra litatukuta hatujahisi kitu, jua linawaka, bahari shwari. Kwetu dalili ni mbili tu: tangazo, na maji ya saa isiyo yake.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, karibu kabisa na mahali tetemeko lile lilipoanzia. Mwaka 1907 kilipigwa na wimbi lililoua watu wengi, na waliosalia wakalipatia jambo hilo neno lao, smong, wakawaimbia na kuwasimulia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikatoka, pandeni vilimani, msingoje kuambiwa. Mwaka 2004 wimbi liliwafikia kwa dakika chache, hakukuwa na nafasi ya king'ora wala redio. Kati ya watu kama 78,000 walikufa saba. Kila mwaka nawasimulia darasa la sita habari hii, na kila mwaka kuna mtoto anauliza sisi tuna neno gani. Nawaambia tunalo tangu 2004, lilitoka mdomoni mwa mzee wa hapahapa: maji haya si ya saa hii.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya Asia. Ukweli ni kwamba ardhi ya Pangani inasema vingine. Mwaka 2020 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitangaza kwamba kwenye ghuba yetu wamekuta tabaka la mchanga wa bahari pamoja na mifupa ya watu, masalia ya kijiji kilichozolewa na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita. Hao walikuwa watu wa pwani kama sisi, wavuvi kama sisi, na hakuna hadithi yao hata moja iliyotufikia. Simeulue walihifadhi ya miaka 97. Sisi ya miaka elfu ilibidi ichimbuliwe kwa majembe.

Jumatano ya tarehe 11 Aprili 2012 tulipata mtihani wa pili. Tetemeko la 8.6 lilipiga Sumatra kabla ya adhuhuri kwa saa zetu. Safari hii mfumo ulikuwapo: tangu 2011 vituo vya India, Australia na Indonesia ndivyo vinavyotuma taarifa kwa nchi za bahari hii, na huku kwetu Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ndiyo inayozipokea na kuzitangaza. Kaka yangu alinipigia kutoka Dar kwamba wameruhusiwa kutoka ofisini na barabara zimefunga. Nilipiga simu ofisi moja ya hapa, nikaambiwa tusubiri maelekezo. Sikusubiri. Nilikimbilia ufukweni, kwa sababu bamvua lilikuwa linakwisha lakini maji yalikuwa bado yanatoka vya kutosha, na mama alikuwa mwambani na wenzake zaidi ya kumi. Simu zao zote zilikuwa majumbani. Nani atashuka na simu kwenye maji ya chumvi?

Niliita mpaka sauti ikakauka. Mama alipofika nikamweleza, naye akauliza swali moja tu: inategemewa kufika saa ngapi? Nikamwambia, nilivyosikia, ni usiku, kwenye saa mbili au tatu. Akatazama jua, akasema, "Basi hii itakuta maji yamejaa. Ile ya kwanza ilikuta hayajajaa." Akawageukia wenzake akawaambia wapande na watoto wao. Hapakuwa na mtaalamu aliyemfundisha hesabu hiyo, na ilikuwa sahihi.

Lakini nilipopita mjini niliona jambo linaloniogopesha mpaka leo. Wengine walikuwa wanashuka ufukweni kwenda kuitazama tsunami ikija. Na wengine walijipanga kivukoni wavuke mto kwenda Bweni, kwa kuwa kilima kinachoonekana ukiwa mjini ni cha Bweni. Tsunami hupenda mito. Huingia mdomoni na kupanda juu kilomita nyingi, na pale penye kivuko ndipo pangekuwa pabaya kuliko pote. Njia yetu ya salama ni barabara ya Muheza, kuelekea bara, kwa miguu, ukiuacha mto na bahari nyuma. Haina mandhari ya kilima, ndiyo maana haikumjia mtu akilini.

Usiku ule hakikuja kitu. Tetemeko lilikuwa la aina ambayo miamba husuguana kwa ubavu, haiinui maji sana. Kesho yake walioondoka walichekwa sokoni. Mimi nasimama upande wao. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, yalisemwa maneno yaleyale na watu ambao kwao upepo haukufika. Tahadhari isiyotimia ni siku moja ya kazi iliyopotea, na kwa mchokoaji pweza siku moja ni chakula cha nyumba, nalijua hilo vizuri. Bado naipenda kuliko ile ndoo.

Sasa nijibu swali lenu kwa undani. Kikundi cha kina mama anachoshiriki mama yangu kilikubaliana, baada ya 2012, kwamba kila siku ya bamvua mmoja abaki nchi kavu na simu yenye chaji, kwa zamu, na wenzake wamgawie katika walichopata. Ana filimbi na kanga nyekundu ya kupunga. Filimbi inafaa wakati wa kaskazi. Kusi likivuma halisikiki neno, ndipo kanga inapokuwa na kazi. Msikitini tumeomba kipaza sauti kitumike, na imamu alikubali siku hiyohiyo. Shuleni tumepima mwendo: watoto wa darasa la sita walitembea kutoka ufukweni hadi palipoinuka kwa dakika 25, bibi mmoja tuliyekwenda naye alitumia 40. Kwa wimbi la Sumatra muda huo unatosha mara nyingi sana, mradi watu waambiwe. Likitoka karibu zaidi, kama lile la Makran, pwani ya Pakistani na Irani, mwaka 1945, saa zitapungua, lakini bado kutembea kunatosha.

Kwa wavuvi mambo ni kinyume, na hapa wengi wanakosea. Huko kilindini wimbi kwa kawaida halifiki hata mita moja, nahodha anaweza kupita juu yake asijue. Aliyeko mbali baharini asikimbilie bandarini. Abaki kwenye kina kirefu hadi atangaziwe, hata kama ni mpaka asubuhi, maana mawimbi huja mengi na la kwanza si lazima liwe kubwa. Aliyeko nchi kavu asirudi kuokoa chombo. Najua ngalawa ni mtaji wa ukoo mzima. Asirudi.

Kinachobaki bila jibu ni Maziwe. Ni fungu la mchanga mbele ya Ushongo. Wazee wanakumbuka lilipokuwa na miti, ambayo imeshatoweka yote, na maji yakijaa sana hubaki kidogo tu. Wavuvi hupumzika pale, wageni hupelekwa kuogelea, na hakuna pa kupanda. Kuna siku nimesimama ufukweni nikahesabu mashua tano zimetia nanga huko, nikajiuliza nani angewapigia, na kwa mtandao upi. Wasomaji wa Ushongo na Kigombe, kama nyinyi mna mpango wa watu wa Maziwe, tuandikieni kupitia ukurasa huu. Bamvua lijalo mama yangu ana zamu ya kubaki nchi kavu, na ameniambia fungu lile haliwezi kuona kanga yake.